Trela ya kambi inasukuma pikapu mteremkoni, na breki za umeme "zinasoma vizuri": tumefungua magurudumu yote manne

Mwanaziwa (Minnesota)

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla sijaiweka tena familia yangu barabarani.

Nina trela ya kambi ya futi 24, ekseli mbili. Uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao ni pauni 7,000, kama kilo 3,175. Niliinunua mkononi mwa mtu miaka miwili iliyopita. Naivuta kwa pikapu yenye kontrola ya breki iliyotoka nayo kiwandani, kile kifaa cha kupangia nguvu ya breki za trela, chenye namba 0 hadi 10. Mwaka wa kwanza niliiweka 5.5 na nilikuwa nasimama bila shida. Mwaka jana nikaona inalegea, nikapandisha hadi 7.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakwenda Gooseberry Falls. Mnaoijua I-35 mnajua kwamba kabla ya kuingia Duluth kuna kilima cha Thompson. Unafika juu, Ziwa Superior lote limelala mbele yako, halafu barabara inateremka hadi mjini. Pale nilikanyaga breki nikahisi trela inanisukuma mgongoni. Nikapandisha hadi 9.5 huku naendesha. Tulisimama, lakini iliyosimamisha kila kitu ni pikapu peke yake. Mke wangu alishika dashibodi, watoto wakanyamaza ghafla. Kile kimya chao bado kinanikaa.

Kontrola inaonyesha trela imeunganishwa. Taa zote zinawaka. Mwezi wa nne niliipeleka sevisi. Nikaambiwa breki zinasoma vizuri, na beringi zikajazwa grisi kwa bomba kupitia ule mdomo wa mwisho wa ekseli, bila kufungua magurudumu. Julai tunakwenda South Dakota, kule Black Hills, na kule ni vilima. Je, ni breki shuu zimekwisha? Ninunue shuu tu nibadilishe?

FundiWaEkseli (Houston)

Mkuu, pole, na umefanya vema kuuliza mapema. Usinunue kitu bado.

Kinachonitia shaka ni hiyo ngazi ya 5.5, 7, 9.5. Shuu zikilika sawasawa kwenye magurudumu yote manne, unazisogeza kwa kinyota cha kurekebishia na nguvu inarudi pale ilipokuwa. Mtu anayepandisha kontrola kila msimu mara nyingi ana gurudumu au magurudumu yaliyoacha kazi, na yaliyobaki yanafanya zamu ya wenzao.

Tafuta barabara tupu. Vuta trela maili tano hivi, na usimame mara kumi kwa kutumia kile kitelezo cha mkono cha kontrola tu, bila kukanyaga pedali. Ukishapaki, pima joto la kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa kipima joto cha miale, kile cha kuelekeza kama bastola. Usiguse kwa mkono. Tuletee namba nne.

La pili ni ampia. Kontrola nyingi za kiwandani hazitoi nguvu zote gari likiwa limesimama, kwa hiyo usizitegemee kwa kipimo hiki. Chomoa plagi ya pini saba kabisa kutoka kwenye pikapu, kisha vuta pini ya swichi ya dharura iliyo mbele ya trela, ile ya kufunga breki trela ikikatika. Hapo betri ya trela inapeleka umeme moja kwa moja kwenye breki. Bana waya wa breki kwa mita ya kubana, inayosoma umeme wa betri. Breki za inchi 10 au 12 hula karibu ampia 3 kila gurudumu, kwa hiyo manne ni karibu 12. Soma haraka na urudishe pini, maana sumaku zinapata moto na betri inaisha.

Usivute ile pini plagi ikiwa bado kwenye pikapu. Unaweza kuunguza kontrola.

Mzee wa Njiro (Arusha)

Vijana, nimesoma kwa makini lakini kuna mahali nimeachwa. Mimi nimehudumia trela za safari hapa Arusha kwa miaka mingi, zile za kambi zinazotoka Afrika Kusini. Breki yake ni ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inasogea mbele, fimbo ya kichwani inarudi nyuma na kukaza breki. Hakuna umeme. Nikiambiwa breki imelegea, naangalia fimbo, waya wa chuma, shuu. Sasa hii ya umeme, bila mafuta na bila fimbo, nini kinachosukuma shuu?

FundiWaEkseli

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo kiini cha uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Ukitoa dramu utaona shuu mbili kama za gari la kawaida. Ya mbele ina bitana fupi, yaani lile tabaka la kusugua dramu, ya nyuma ina bitana ndefu. Mahali ambapo ungetarajia silinda ya mafuta hakuna silinda. Kuna mkono wa chuma unaoning'inia, na mwisho wake kuna sumaku ya umeme, ukubwa kama wa kiganja cha mtoto. Sumaku hiyo inatazama ukuta wa ndani wa dramu, ule uso bapa unaozunguka pamoja na gurudumu.

Dereva akikanyaga, kontrola inapeleka umeme. Sumaku inajibandika kwenye ule uso unaozunguka. Haiwezi kuzunguka nao kwa sababu imeshikwa na mkono, kwa hiyo inaburutwa kidogo tu, na kule kuburutwa kunavuta mkono. Mkono unaisukuma shuu ya mbele kwenye dramu. Shuu ya mbele nayo inabebwa na mzunguko na kuikandamiza shuu ya nyuma, ambayo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa maneno mengine, umeme unaamsha tu. Nguvu yenyewe inatoka kwenye gurudumu.

Ndiyo maana breki hii haina hendibreki. Gurudumu lililosimama halina cha kuburuta sumaku, kwa hiyo kwenye mteremko unaweka magogo. Na ndiyo maana kuna vitu viwili vinavyolika kwa msuguano, mzee, si kimoja: shuu kwenye duara la dramu, na sumaku kwenye uso wake. Wengi wanakumbuka shuu na kusahau sumaku.

Mzee wa Njiro

Marahaba. Nimeelewa sasa. Kumbe grisi ikiingia mle ndani inaharibu mara mbili, kwenye shuu na kwenye sumaku.

FundiWaEkseli

Umeona mbali mzee. Tusubiri namba zake.

Mwanaziwa

Namba hizi hapa. Nimepima jana jioni, hewa ilikuwa nyuzi 72 za Fahrenheit.

Mbele kulia: 230 (sawa na 110 za Selsiasi)
Mbele kushoto: 97
Nyuma kulia: 104
Nyuma kushoto: 102

Ampia: 9.1. Nimerudia mara tatu, ni ileile.

Ile ya mbele kulia ilikuwa inanuka kama klachi inayoungua.

Mkenya_Perth (Western Australia)

Kaka, ampia tisa kwa breki nne maana yake moja haipati umeme kabisa. Lakini magurudumu baridi ni matatu. Kwa hiyo una magonjwa mawili tofauti.

Huku Australia sheria ni kali: trela ya zaidi ya kilo 2,000 lazima iwe na breki kwenye magurudumu yote, pamoja na ile ya kujifunga yenyewe trela ikikatika. Breki za umeme ziko kila mahali. Mimi naenda kambi barabara za vumbi kama Gibb River Road, yenye mawimbi ya kutikisa meno, na kitu cha kwanza kufa huwa ni waya, sio shuu.

Ili ujue ni gurudumu gani halina umeme, tumia dira. Hata ile ya watoto ya shule. Mwenzako avute pini ya dharura, wewe ushike dira nyuma ya gurudumu, karibu na bamba la breki. Sumaku ikipata umeme mshale unaruka. Ukituliza sikio utasikia pia inalia kidogo, kama nyuki.

Mwanaziwa

Binti yangu ana dira ya skauti, ikafanya kazi kama ulivyosema. Mbele kushoto mshale haukusogea hata kidogo. Mengine matatu uliruka vizuri.

Sasa ndipo ninapochanganyikiwa. Magurudumu mawili ya nyuma yana umeme, sumaku zinavuta, lakini baada ya kusimama mara kumi yako baridi?

FundiWaEkseli

Mita ya ampia haioni grisi. Sumaku iliyolowa grisi inakula ampia 3 kama kawaida, inavuta kama kawaida, lakini inateleza kwenye uso wa dramu badala ya kuburutwa. Mkono hausogei, au unasogea kidogo, na shuu nazo zimelowa. Aliyekuambia breki zinasoma vizuri huenda aliangalia kontrola tu.

Mzee wa Njiro alikwisha kusema. Fungua, mkuu. Fungua yote manne, hata lile linalofanya kazi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Dada Lori (Ohio)

Kabla hajafungua, naomba niseme jambo. Naendesha malori huku na nimeona watu wakiumia uani kwao wenyewe.

Usiweke jeki kwenye bomba la ekseli. Weka kwenye fremu, halafu stendi madhubuti chini ya fremu, na magogo kwenye magurudumu ya upande wa pili. Ekseli ikipinda kidogo tu tairi zitakula upande mmoja na hutajua kwa nini. Na vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa hewa, wala usilipige brashi ukiwa umeinamia. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, vaa barakoa.

Piga picha kila springi kabla ya kuitoa. Upande mmoja uache haujafunguliwa mpaka ule mwingine umerudi, uwe na cha kutazamia.

Mwanaziwa

Nimemaliza kufungua, imenichukua Jumamosi nzima. Nitaandika kwa urefu kwa sababu nimejifunza mengi siku hiyo.

Nyuma zote mbili: nilipotoa dramu, grisi ilikuwa imetapakaa hadi nikashindwa kuona rangi ya shuu. Sili za nyuma ya beringi, zile za kuzuia grisi isitoke, zimesukumwa nje ya nafasi yake. Bitana zenyewe bado ni nene, lakini zimenyonya grisi, ukibonyeza kwa kucha inachuruzika. Sumaku zimelowa. Hiyo ndiyo grisi ya mwezi wa nne, haina shaka, rangi yake ni ileile.

Mbele kushoto: shuu karibu mpya. Uso wa dramu una kutu nyepesi pale ambapo sumaku ilitakiwa kuusugua, ishara kwamba haijaugusa muda mrefu. Nilipima sumaku yenyewe kwa mita nikapata omu 3.2, nzima kabisa. Lakini umeme haufiki. Umeme unaingia upande wa kulia, halafu waya unapita ndani ya bomba la ekseli kwenda kushoto. Nilipouvuta ukatoka vipande viwili. Umelika pale unapoingia kwenye tundu la bomba, hakuna mpira wa kuukinga, chuma kimeusugua miaka yote hadi ukakatika.

Mbele kulia: hili ndilo lililokuwa likibeba trela nzima. Bitana ya shuu ya nyuma imebaki chini ya milimita 1. Sumaku imelika kimshazari, na upande mmoja nyuzi za shaba za koili zimeanza kuonekana. Dramu ina madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama nywele.

Nikakaa chini nikapiga hesabu ya zile namba. Mwaka jana niliposogeza kutoka 5.5 kwenda 7, nadhani ndipo waya ulipokatika, nikabaki na breki tatu. Mwaka huu baada ya grisi nikabaki na moja, nikaenda 9.5. Kila nilipopandisha namba nilidhani natengeneza, kumbe nilikuwa nalichoma lile gurudumu moja lililobaki. Na watoto wangu walikuwa nyuma yangu pale Duluth.

FundiWaEkseli

Pole sana mkuu, ila sasa unajua. Umesoma dalili zako vizuri kuliko mafundi wengi.

Mwongozo wa Dexter, ambao ndio watengenezaji wakubwa wa ekseli hizi, unasema shuu ibadilishwe bitana ikifika inchi 1/16, yaani milimita 1.6, au ikilowa grisi hata kama ni nene. Ukibadilisha, unabadilisha shuu zote mbili, na pande zote mbili za ekseli hiyo, ili trela isivute upande. Sumaku uso wake lazima uwe bapa, weka rula ya chuma juu yake uone kama kuna mwanga chini. Shaba ikionekana, sumaku hiyo imekwisha. Dramu ya inchi 10 inaweza kukerezwa mwisho kipenyo cha inchi 10.090, zaidi ya hapo ni chuma chakavu. Na uso wa sumaku ukikerezwa, lazima uweke sumaku mpya, kwa sababu ile ya zamani imejichonga kwa mifereji ya uso wa zamani.

Yako ya mbele kulia yenye nyufa usiikereze. Itupe.

Kijana wa Mbeya

Wakuu, naomba kuuliza. Huku kwetu shuu ikilowa grisi fundi anaiosha kwa petroli, anaichoma kidogo juu ya moto mpaka moshi uishe, anapiga msasa na kurudisha. Gari linatembea. Kwa nini mwenzetu atupe shuu nne ambazo bado ni nene?

Mzee wa Njiro

Mwanangu, nami nimefanya hivyo ujanani. Inashika siku ya kwanza. Halafu dramu ikipata moto mteremkoni, grisi iliyojificha ndani ya bitana inapanda juu na unaikosa breki wakati ule ule unaoihitaji. Nimeona trela ya mizigo ikimsukuma mwenyewe kwenye mteremko wa Mto wa Mbu kwa sababu hiyo. Dramu na bamba unaosha. Bitana iliyonyonya unatupa.

Mkenya_Perth

Nakubaliana na mzee. Na kuhusu gharama, kaka usinunue shuu peke yake, sumaku peke yake, springi peke yake. Inauzwa breki nzima juu ya bamba lake, shuu, sumaku, springi, kila kitu kikiwa kimefungwa. Ukijumlisha vipande, mara nyingi bei inakaribiana, na unapata springi mpya ambazo hazijapoteza ukakamavu. Ya inchi 10 inashikwa kwa bolti nne, ya inchi 12 kwa bolti tano. Unakata nyaya mbili, unafungua nati, unafunga mpya.

Angalia kitu kimoja: kuna ya kushoto na ya kulia. Shuu yenye bitana fupi lazima itazame mbele ya trela. Ukizibadilisha pande, itashika vibaya na utahangaika kutafuta sababu.

Mwanaziwa

Nimeagiza nne. Nauliza kuhusu beringi: nizisafishe na kurudisha, au mpya? Na nifunge nati kwa nguvu kiasi gani?

FundiWaEkseli

Osha grisi yote, kausha, zitazame kwenye mwanga. Ukiona madoa ya buluu, vishimo, au mikwaruzo kwenye roli au kwenye kikombe chake, badilisha beringi pamoja na kikombe. Soma namba iliyochongwa kwenye beringi yako. Ekseli za pauni 3,500 mara nyingi huwa L68149 ndani na L44649 nje, lakini soma yako usibahatishe. Sili weka mpya kila unapofungua, haina mjadala.

Kupaka grisi: weka kiganjani, isukume kwa ncha pana ya beringi mpaka itokee upande wa pili kati ya roli, zungusha mpaka umalize duara. Ndani ya habu usijaze.

Nati: zungusha dramu kwa mkono huku unakaza mpaka kama futi-pauni 50, ili kila kitu kikae. Kisha legeza kabisa bila kuzungusha dramu, ukaze tena kwa vidole tu, weka pini. Ikisimama mahali ambapo pini haiingii, rudisha nyuma kidogo, usikaze mbele. Beringi iliyokazwa inaungua, na ikiungua inayeyusha grisi kuelekea kwenye breki, mnarudi mlikotoka.

Kuhusu ule mdomo wa grisi wa mwisho wa ekseli, haujakatazwa. Ila ni bomba la mkono, polepole, gurudumu likizungushwa muda wote. Ukipiga kwa haraka au kwa bomba la hewa, grisi inatafuta njia rahisi, na njia rahisi ni sili. Mimi nafungua kila miezi 12 au maili 12,000, kinachotangulia, kwa sababu ukiishafungua beringi umekwishaona na breki.

Mwanaziwa

Kazi imekamilika. Breki nne mpya, dramu moja mpya, tatu zimesafishwa mpaka zikang'aa, sili nne, beringi mbili mpya za upande uliokuwa unaungua.

Waya sikuurudisha ndani ya bomba. Nimepitisha mpya nje, nyuma ya ekseli, ndani ya bomba la plastiki la mikunjo, nimeufunga kila shubiri. Zile klipu za kubana zilizokuwepo zimeota kijani ndani, nimezitupa zote nikatumia viungio vya kuminya vyenye mpira unaosinyaa kwa moto. Umeme kwenye betri ulikuwa volti 12.6 na kwenye sumaku ya mbali kabisa nilipata 11.9. Ampia 12.2!

Kinyota nilifuata mlivyosema: nakaza kupitia tundu la chini la bamba huku nazungusha tairi mpaka linakuwa gumu kabisa kuzunguka, halafu narudisha mpaka linazunguka lenyewe na nasikia shuu zinagusa kidogo tu. Upande wa kulia nyuma ulinisumbua, nilirudia mara tatu. Nati za magurudumu nimekaza tena baada ya maili 10, 25 na 50.

Shuu mpya nimezizoesha asubuhi ya Jumapili, barabara haina watu: kutoka maili 40 kwa saa hadi 20, mara 25, na kila mara naacha kama maili moja zipoe. Zile tano za kwanza nilivunjika moyo, zilikuwa dhaifu. Kufika ya kumi na tano nikaanza kuhisi trela inanivuta nyuma. Nilipopanga kontrola nikiwa kwenye maili 25 kwa saa, nimeishia 6.

Dada Lori

Hongera sana, hiyo ni kazi ya mtu anayeijali familia yake.

Sasa usiende Black Hills ukategemea breki hizo mpya kukushusha. Dramu ikipata moto inatanuka, inaikimbia shuu, breki inayeyuka mguuni. Mimi kwenye I-70 Colorado, ukitoka handaki la Eisenhower, futi 11,158 juu ya usawa wa bahari, unashuka kwenda Silverthorne, naona trela za kambi zinatoa moshi kila kiangazi, na njia za kukimbilia za changarawe zipo pale kwa sababu zinahitajika. Weka gia ya chini juu ya kilima, kabla hujaanza kushuka. Acha injini ibebe. Breki kanyaga kwa uthabiti, punguza mwendo, achia kabisa zipoe. Usiburute mguu juu yake kilima kizima.

Trela ikianza kuyumba mkia, usikanyage pedali. Achia mafuta na uvute kile kitelezo cha mkono taratibu, trela ijivute nyuma yenyewe inyooke.

Na ile kamba ya swichi ya dharura, ifunge kwenye pikapu yenyewe, isiwe kwenye mnyororo wala kwenye kichwa cha kuvutia. Kichwa kikichomoka na kamba imefungwa hapo hapo, vitaondoka pamoja na pini haitavutwa.

Mwanaziwa

Ahsante dada. Kamba yangu ilikuwa imefungwa kwenye mnyororo. Nimehamisha leo.

Mkenya_Perth

Ukifika maili 200 rekebisha kinyota tena. Shuu mpya zinajikalisha, nafasi inaongezeka. Baada ya hapo kila maili 3,000, au mwanzo wa msimu.

Mwanaziwa

Naandika kutoka Rapid City. Kinyota nilikirekebisha tena kambini usiku wa kwanza, nyuma zote mbili zilihitaji kuongezwa kidogo, mbele hazikuhitaji.

Leo tumeshuka kutoka Mount Rushmore kwa barabara ya US 16, gia ya pili karibu njia nzima. Nilikanyaga breki mara chache, kwa uthabiti, nikaachia. Trela ilikuja nyuma yangu bila kunigusa. Tuliposimama chini, binti yangu ndiye aliyeshika kipima joto, akazunguka magurudumu na kuniandikia kwenye daftari lake:

Mbele kulia 151
Mbele kushoto 148
Nyuma kulia 155
Nyuma kushoto 150

Nyuma kulia nitaitazama tena, labda nimeikaza zaidi kidogo kuliko wenzake. Kesho tunaelekea Badlands, kontrola bado iko kwenye 6.